Joka la Ugenini Juu ya Jalada

*Nchi ya Mlima Elgon haina uhaba wa hadithi za ajabu. Zinazokosekana ni sura za kuzipeleka hadithi hizo mbele ya msomaji.*

Kitabu kilichokuwa kimelazwa juu ya meza ya duka moja la kupiga chapa mjini Bungoma kilikuwa bado hakijawa kitabu: kurasa zilikuwa ndiyo kwanza zitoke mashinini, zingali na joto, zimefungwa kwa mpira, na juu yake imewekwa karatasi ya rangi iliyokusudiwa kuwa jalada. Ndani ya kurasa hizo mtunzi, ambaye ni mwalimu wa shule ya upili, amesimulia habari za kijana wa ukoo wa wafugaji anayeupanda Mlima Elgon kulifuata joka lililowamaliza ng'ombe wa kijiji chao. Juu ya karatasi ile palikuwa na ngome ya mawe yenye minara mirefu, theluji, na mnyama mwenye mabawa ya popo anayetema moto.

Mwenye duka, aliyeitengeneza picha hiyo kwa kuokota vipande katika intaneti na kuviunganisha, alimweleza Mwalimu kwa adabu na kwa yakini kwamba wanunuzi wa riwaya za namna hiyo wameona sinema na michezo ya simu, na kwamba wakiona minara na moto watajua mara moja kitabu ni cha aina gani. Mwalimu aliiangalia karatasi muda mrefu, kisha akauliza kama mnyama yule hangeweza kuondolewa mabawa, kwa kuwa joka la hadithi yake haliruki.

Suala la mabawa ya joka ni dogo kwa kulisikia, walakini ndani yake yamo karibu mambo yote yanayolihusu jalada la riwaya ya fantasia: ahadi anayopewa msomaji, haki ya mtunzi juu ya ulimwengu alioubuni, maslahi ya muuzaji, na riziki ya mchoraji. Nimelifuata suala hilo kutoka Bungoma hadi Kitale, na baada ya kuwasikiliza wanaohusika naona kwamba Mwalimu alikuwa na hoja nzito kuliko alivyodhani mwenyewe.

Ajabu si ngeni kwetu

Wapo wanaodhani kwamba fantasia ni bidhaa iliyoingia Afrika Mashariki pamoja na sinema za juzi, na kwa hiyo ni halali ivae mavazi ya huko ilikotoka. Dhana hiyo haina msingi. Marehemu Shaaban Robert alitoa *Kusadikika* mwaka 1951, habari za nchi iliyo angani, isiyogusa ardhi popote. Na mwaka uliofuata akatoa *Adili na Nduguze*, ambamo insi na majini huchanganyika, na ndugu waliofanya hiana hugeuzwa manyani.

Baada yake walifuata wengine. Euphrase Kezilahabi aliandika *Nagona* mwaka 1990 na *Mzingile* mwaka 1991, riwaya ambazo msomaji huzisafiri kama aliye njozini. Katama Mkangi akatoa *Walenisi* mwaka 1995. Said Ahmed Mohamed akamfufua babu kaburini katika *Babu Alipofufuka* mwaka 2001. Na Kyallo Wadi Wamitila akatoa *Bina-Adamu!* mwaka 2002. Huo ni mlolongo wa nusu karne wa ajabu iliyoandikwa kwa Kiswahili, tena na mabingwa wa lugha.

Hata tafsiri za kale zina funzo. Hadithi ya Lewis Carroll ya msichana aliyetumbukia katika shimo la sungura ilipotolewa kwa Kiswahili huko London mwaka 1940, kwa jina la *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, picha zake zilifuata zile maarufu za John Tenniel, ila Elisi mwenyewe alichorwa kuwa msichana wa Kiafrika. Katika zama za ukoloni, ambapo hakuna aliyemlazimisha mchapishaji kufanya hivyo, mtu aliona kuwa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuiona sura inayomhusu; je, leo, miaka zaidi ya themanini baadaye, tumpe msomaji wa Bungoma ngome ya theluji?

> “Joka la hadithi yake haliruki, lakini jalada limelipa mabawa.”

Mlima uliojaa picha

Mtu akitaka kumchorea Mwalimu jalada, hana haja ya kwenda mbali. Wabukusu husimulia habari za Mango, shujaa aliyelifuata pangoni joka liitwalo Yabebe, lililokuwa limewaua watu na mifugo, wakiwamo wanawe mwenyewe. Na husimulia kwamba alipolikata, kichwa kiliruka kikauma mti, na majani ya mti huo yakanyauka pale pale. Simulizi hiyo haikufa vitabuni, kwani ndiyo inayotajwa kuwa asili ya jando la Wabukusu, na kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili vijana wa Bungoma na Trans Nzoia hulikumbuka jina la Mango.

Hebu mchoraji aifikirie picha hiyo ya mti: majani ya upande mmoja yangali mabichi, ya upande wa pili yamekuwa kahawia, na katika gome limo jino. Hakuna haja ya kuonyesha joka lenyewe. Msomaji ataiona sumu kwa athari yake, atauliza ni kitu gani kilichoweza kuua mti kwa mara moja, naye akishauliza atakuwa amekwisha kukifungua kitabu. Mimi sijui jalada la ugenini liwezalo kushindana na hilo.

Upande wa Kitale, mlimani, liko pango la Kitum, lenye kina cha kiasi cha mita 200 ndani ya mwamba, ambamo ndovu huingia usiku, wakipapasa njia kwa mikonga katika giza totoro, ili kuchimba chumvi kwa pembe zao. Kuta za pango zimejaa michirizi ya pembe hizo, mirefu na mifupi, iliyopishana kama hati ya kabila lisilojulikana. Msanii akiichukua michirizi hiyo na kuifanya nakshi ya kuzunguka jalada, atakuwa amepata pambo ambalo hakuna kitabu kingine duniani kilicho nalo, na ambalo mkazi wa Endebess atalitambua.

Si mbali na hapo, katika kinamasi cha Saiwa, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, anaishi nzohe, paa mwenye kwato ndefu zilizopanuka zimwezeshazo kutembea juu ya tope na matete, na ambaye akishtuka huzama majini akabakiza pua. Na mjini Kitale kwenyewe yako makumbusho yaliyoanzishwa na Luteni Kanali Stoneham mwaka 1926, ya kwanza katika bara ya Kenya, penye hazina ya wadudu aliyoikusanya kwa umri wake wote, pamoja na mifano ya nyumba za jadi za watu wa magharibi ya nchi. Mchoraji anayetaka kujua paa la nyumba ya Kibukusu huishiaje juu, au bawa la kipepeo hugawanyaje rangi zake, ana mahali pa kwenda kutazama kwa macho yake mwenyewe.

Hoja ya muuzaji

Haitakuwa insafu kumpuuza mwenye duka. Jalada ni ishara kabla ya kuwa sanaa, na mnunuzi aliyesimama mbele ya vitabu vilivyotandazwa juu ya turubai karibu na stendi ya magari ya Kitale, mkoba begani na nauli mkononi, hana wasaa wa kufasiri mafumbo. Anataka kujua upesi: hiki ni cha mapenzi, cha upelelezi, cha dini, au cha maajabu? Alama zilizozoeleka, yaani upanga, moto, mnara, mwezi mkubwa, humjibu kwa nukta moja.

Muuzaji mmoja wa vitabu hapo Kitale, mama mwenye uzoefu mrefu, alinieleza jambo ambalo waandishi hawapendi kulisikia: kwamba kitabu kikikaa siku nyingi bila ya kuguswa hukiondoa juu na kukiweka chini ya vingine, na kikishakwenda chini hakirudi. Kwake, jalada lisiloeleweka ni hasara, hata likiwa zuri namna gani. Nikamwuliza kama wateja wake huulizia majoka na ngome. Akasema huulizia hadithi inayotisha, na ya kwao.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nione kwamba pande hizi mbili hazipingani kama zinavyodhani. Ishara yahitajika, lakini ishara si lazima iwe ya kuazima. Pango jeusi lenye mwanga mdogo ndani, mtu mmoja mdogo mbele ya kitu kikubwa, mkuki wenye kung'aa pasipo jua: hayo yote humwambia mnunuzi “hapa pana maajabu” bila ya kumpeleka Ulaya.

> “Huulizia hadithi inayotisha, na ya kwao.”

Na ipo hatari ya upande wa pili, ambayo ni mbaya vilevile. Mnamo 2014 jarida la Africa Is a Country lilionyesha jinsi majalada ya riwaya nyingi zinazohusu Afrika, ziwe za jangwani au za msituni, yanavyorudia picha ile ile moja: mgunga mweusi mbele ya jua linalotua katika mbingu ya rangi ya machungwa. Mtu anayeijua Kitale, nchi ya mahindi, ukungu wa asubuhi na baridi ya Cherang'any, akiona mgunga huo juu ya hadithi ya Mlima Elgon atajua kwamba aliyeuchora hakufika wala hakusoma.

Watunzi wakubwa wameumizwa na jambo hilo. Ursula K. Le Guin alipoandika *A Wizard of Earthsea* mwaka 1968 alimfanya mchawi wake kuwa mtu mwenye ngozi ya wekundu wa udongo, na jalada la kwanza, lililochorwa na Ruth Robbins, lilimheshimu. Lakini kwa miaka mingi baadaye matoleo mengine yalimpausha, naye mtunzi akalilalamikia jambo hilo waziwazi. Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, aliandaliwa kwa riwaya yake *The Shadow Speaker* ya mwaka 2007, inayomhusu msichana wa Niger, jalada lenye mwanamke mweupe. Akakataa, na likabadilishwa. Ikiwa mwandishi aliyeko Marekani alilazimika kupigania uso wa msichana wake, Mwalimu wa Bungoma asione haya kupigania joka lisiloruka.

Herufi, wino na karatasi

Sasa niseme habari za kazi yenyewe, kwani nia njema peke yake haichapi kitabu.

Jambo la kwanza ni udogo. Leo jalada huonekana mara nyingi zaidi katika simu kuliko mkononi, nalo huwa na ukubwa wa stempu. Vita vya majeshi mawili na farasi mia vitaonekana humo kuwa doa. Umbo moja kubwa, lenye mpaka ulio dhahiri kati ya nuru na kivuli, hustahimili kupunguzwa. Mchoraji hodari huacha mahali pa jina tangu anapoanza kuchora, mbinguni au katika giza la pango, wala hangoji kumaliza ndipo jina lipigwe juu ya uso wa shujaa.

Jambo la pili ni herufi, na hapa Kiswahili kina mahitaji yake. Ruwaza nyingi za majalada zinazopatikana katika programu za kompyuta zimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Ukilitia humo neno kama *Kusadikika*, lenye herufi kumi, au *Alipofufuka*, lenye kumi na moja, ama herufi hubanwa zikawa nyembamba mno, ama hupunguzwa zikawa hazisomeki. Dawa yake ni kuanza na jina, ukachagua chapa yenye herufi nyembamba zilizo ndefu, au ukachorewa jina kwa mkono.

Na wachorao kwa mkono wapo. Nenda katika mitaa ya Kitale utazame ukuta wa kinyozi au wa kinu cha kusagia mahindi, uone jinsi mchoraji wa mabango anavyofanya: hukaza uzi uliopakwa chaki kutoka pembe hii hadi ile, huuvuta na kuuachilia ukaacha mstari ulionyooka, huhesabu herufi, kisha huanza na ile ya katikati na kwenda huku na huku ili neno lisilemee upande mmoja, na mwisho huitilia kila herufi kivuli upande wa kulia. Mtu huyo anajua kitu ambacho wengi wenye kompyuta hawakijui, yaani namna ya kulifanya neno la Kiswahili lisomeke na mtu aliye ng'ambo ya barabara, ndani ya matatu inayokwenda.

Jambo la tatu ni rangi. Kioo cha kompyuta huonyesha rangi kwa nuru, ilhali karatasi huionyesha kwa wino, na buluu ile inayowaka kiooni hufifia ikifika matbaani. Ndiyo sababu wapiga chapa husisitiza faili iandaliwe kwa wino nne, picha iwe na nukta 300 kwa inchi, na pembezoni paongezwe milimita tatu za kukatwa. Mgongo wa kitabu nao hupimwa: riwaya ya kurasa 300 ina karatasi 150, na karatasi ya gramu 80 ikiwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, mgongo utakuwa wa kiasi cha milimita 15. Anayeukisia tu atayaona maneno ya mgongoni yamehamia mbele.

Uchache wa rangi si aibu. J.R.R. Tolkien, aliyekuwa profesa huko Oxford, alijichorea mwenyewe jalada la *The Hobbit* mwaka 1937: milima na misitu kwa kijani, buluu na nyeusi. Alitaka jua na joka viwe vyekundu, lakini mchapishaji akaikataa rangi hiyo ya nne kwa ajili ya gharama. Na jalada hilo, pasipo wekundu wake, limeishi hadi leo.

Gharama, basi, si neno la kupita tu katika nchi hii. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, katika kaunti hii hii ya Bungoma, kilichokuwa fahari ya Kenya kwa miaka mingi, kilifunga milango yake mwaka 2009, na mwaka 2016 kikauzwa kwa mwenye mali binafsi. Kadi ya jalada huagizwa kutoka ng'ambo, na tangu sheria ya mwaka 2013 vitabu hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mtunzi anayejichapishia nakala mia tatu ana kila sababu ya kuiogopa rangi ya ziada, na wino mbili zilizochaguliwa kwa akili zitamfaa kuliko nne zilizomwagwa.

Wazazi na walimu

Upo upande wa tatu, ambao wachoraji huusahau. Bungoma na Trans Nzoia ni nchi za makanisa, tangu Marafiki wa Lugulu hadi Wakatoliki wa Kitale, na mzazi akiona fuvu, nyoka na damu juu ya kitabu cha mwanawe hufikiri ushirikina kabla ya kufikiri fasihi. Naye mchapishaji anayetumaini kuwa siku moja riwaya itapitishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ili iingie shuleni, ambako ndiko liliko soko kubwa, humshauri mtunzi alipooze jalada.

Naiheshimu hofu hiyo, lakini nakataa dawa yake. Majalada yaliyopoozwa, yenye watoto wawili wakitabasamu chini ya mti, yamewafanya wanafunzi wengi waamini kwamba kitabu cha Kiswahili ni kitu cha mtihani. Mti ulionyauka nusu hauna damu wala fuvu, na bado humtia msomaji baridi mgongoni. Hofu iliyo njema hutoka katika kile kilichofichwa.

Mashine inayochora

Mwenye duka la Bungoma alikuwa na shauri la mwisho: kama Mwalimu haipendi ngome, akili unde itamchorea anachotaka kwa muda wa kunywa chai. Tulipojaribu mbele yake kuomba joka la pangoni bila mabawa, lenye mchungaji wa Kibukusu mbele yake, mashine ilitoa picha yenye kung'aa sana, ambamo joka lilikuwa na mabawa na mchungaji amevaa shuka nyekundu ya Kimaasai. Tukaomba tena. Shuka ikaondoka, mabawa yakabaki.

Huko nje mzozo huu umekwisha kuwaka. Mwaka 2023 kampuni ya Bloomsbury ililaumiwa kwa jalada la toleo moja la riwaya ya Sarah J. Maas, ambalo mbwa mwitu wake alitoka katika ghala la picha akiwa ametengenezwa na akili unde. Kampuni ikasema haikujua. Mwaka huo huo mwandishi Mark Lawrence aliyasimamisha mashindano ya majalada ya fantasia ya watunzi wanaojichapishia, baada ya kugunduliwa kuwa jalada lililoshinda lilitumia picha za mashine.

Wanaoitetea mashine husema kwamba mtunzi asiye na fedha hana chaguo jingine, na siwezi kusema kuwa umaskini wake si wa kweli. Lakini mashine huchora kile ambacho kimekwisha kuchorwa mara nyingi, na Yabebe hajachorwa mara nyingi. Kwa hiyo mtunzi wa Mlima Elgon, kuliko wa London, ndiye atakayepewa sura ya watu wengine. Mkono wa mchoraji wa Kitale kwake ni haja ya lazima.

Mkono huo nao wahitaji kulindwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwagizaji haki ya kazi aliyoiagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo, na wachoraji wengi hufanya kazi kwa maneno ya mdomo. Nilipomwuliza mchoraji mmoja wa mabango wa Kitale ni masharti gani angeyataka ili amchoree Mwalimu jalada, hakuanza na bei. Alitaka asomewe au apewe sura tatu za mwanzo na ile ya pangoni. Alitaka nusu ya malipo kabla ya kushika brashi. Alitaka makubaliano yaandikwe kwamba picha itatumika kwa kitabu hicho tu, si kwa fulana wala kalenda. Na alitaka jina lake lichapwe ndani ya kitabu, katika ukurasa ule ule lilipo jina la mpiga chapa.